Dashibodi Iliyohamia Chumba Changu cha Kulia

Kwa Mwenyekiti,
Klabu ya Magari ya Kale ya Michezo, Bonde la Teme.

Ndugu Mwenyekiti Lovell,

Pokea salamu zangu, pamoja na hongera kwa maonyesho ya juzi, ambayo nasikia yalifana licha ya mvua. Mimi ni Beryl Tranter, mke wa mwanachama wako Clive, au ndivyo ninavyokumbuka. Naandika kwa heshima zote kuhusu gari letu jekundu la viti viwili, ambalo wewe mwenyewe ulilitafutia mnunuzi, yule bwana wa Hereford. Alisema atalichukua mara tu dashibodi yake ya mbao itakapong'arishwa upya. Hiyo ilikuwa kabla ya Pasaka, na sasa matufaha yanaiva. Mimi nataka gari liuzwe, liondoke, nipumue. Malalamiko yangu ni haya:

1. Kuing'oa dashibodi, niliahidiwa, ni kazi ya asubuhi moja. Clive alilala chali chini ya usukani, miguu nje ya mlango, akifungua skrubu na kutukana kwa sauti ya chini kwa kuwa kasisi alikuwa anapita. Ubao ulipotoka, nyaya zilibaki zinaning'inia kama tambi, kila waya na kikaratasi chake. Kimoja kimeandikwa: "Taa, nadhani."

2. Ubao ukahamia chumba cha kulia, kwa sababu gereji ina unyevu na vanishi inataka joto. Mimi pia nataka joto, ila sijapakwa vanishi. Nyama ya kuokwa ya Jumapili tunaila jikoni, sahani magotini. Mita zote zimepangwa kwenye rafu ya meko ya kuotea moto, mahali pa picha ya dada yangu. Mita ya mwendo inaonyesha sifuri, na hiyo ndiyo kasi ya kazi yenyewe.

3. Dawa yangu ya kung'arishia samani imepigwa marufuku, eti mvuke wake unatia vanishi vishimo. Spre ya nywele nayo marufuku. Jumapili nilikwenda kanisani nywele zimetimka, mpiga kinanda akaniuliza kwa upole kama nimefiwa.

4. Maneno matamu. Juzi naosha vyombo, nikasikia: "Umependeza wewe, mpenzi wangu. Bado mkono mmoja tu wa vanishi." Nikajibu, "Asante, Clive." Akachungulia jikoni: "Sikuwa nasema na wewe, Beryl." Mlango wa choo chetu unakwama miaka nenda rudi, na haujawahi kuguswa na msasa.

5. Hili ndilo lililonishinda kabisa. Kila akipaka mkono wa mwisho, vanishi ikiwa bado mbichi, unywele wa mbwa hutua katikati ya ubao. Mara tano sasa! Clive hukwangua yote kwa msasa na kuanza upya. Lawama anabebeshwa Bramble, mbwa wetu mzee asiyeona vizuri. "Wewe mbwa utaniua!" anamfokea, kisha anampa biskuti. Chumba hufungwa, na Bramble hafikii kitasa. Naomba heshima yake irudishwe.

Usidhani nalionea gari huruma. Ni kweli Clive alikuja nalo kunichukua kwa baba tukiwa vijana, tukaenda pwani, Aberystwyth, mvua ikivuja mpaka ndani ya soksi zangu, na sikulalamika hata kidogo. Lakini leo nyonga yangu haishuki mpaka kwenye kiti kile, na Clive hutoka humo kwa kutambaa. Tulikaa kama watu wazima, tukakubaliana liuzwe. Hakuna aliyelia. Clive alikwenda bustanini kuangalia nyanya zake, akakawia sana huko.

Kwa hiyo naomba Klabu itume wanaume watatu wenye nguvu waje kuiteka hiyo dashibodi na kuimalizia wenyewe. Ikishindikana, nisajiliwe rasmi kuwa mjane wa dashibodi, niketi meza ya mbele kwenye chakula chenu cha mwaka. Ikishindikana na hilo, dashibodi ipewe uanachama na jina la Bi. Tranter, nami nitarudi kwa dada yangu.

Nisalimie Bi. Lovell na wanachama wote, hasa wale ambao bado wanakula mezani.

Wako mvumilivu,
Beryl Tranter

Nyongeza: Nafungua tena bahasha. Unywele wa mbwa, mara ya pili na ya nne, ulikuwa mkono wangu. Ubao ukikamilika, bwana wa Hereford atakuja, na sikuweza kuliacha gari liondoke. Hizo mara nyingine tatu nilidhani ni upepo. Sasa hivi nimeingia kumwuliza Clive anwani yako, nikamkuta amempakata Bramble, anamchana taratibu juu ya ubao mbichi. Tukatazamana. Akasema, "Anapukutika manyoya sana mwaka huu." Nikasema, "Sana." Nikaenda kuchemsha chai. Tafadhali mwambie yule bwana atafute gari lingine, na uwaulize wanachama kama yupo anayejua kuinua kiti cha abiria kwa ajili ya nyonga mbovu.