Bakteria wa Lusajo

Lusajo aliiona riziki yake asubuhi, katikati ya foleni ya malori pale Tunduma, na riziki yenyewe ilikuwa inatukana. Alikuwa ni Mama Tumpe, mwenye malori ya kupeleka mizigo Zambia na ghala la kukodi huko Ihanda alikonunulia kahawa. Alisimama mbele ya sheli ameshika kiuno, akiilaani bei mpya ya dizeli pamoja na ukoo mzima wa aliyeipandisha.

Mtu mwingine angempa pole akapita. Lusajo hakuwa mtu mwingine. Kazi yake mjini ilikuwa kuwasaidia watu kuamini wanachotaka kuamini, na wiki hiyohiyo alikuwa ameona kwenye simu video ya wanasayansi wa ng'ambo. Walikuwa wakichora kwenye kompyuta njia zilizomo ndani ya bakteria: sukari inaingia hapa, inageuzwa pale, mwishowe yanatoka mafuta. Mwisho wa video walikiri kwa unyenyekevu kwamba kompyuta hukadiria tu, na kwamba bakteria wenyewe bado wanatoa matone machache. Sehemu hiyo Lusajo aliikata.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Kama unabadilisha kwacha, sina."

"Sibadilishi kwacha. Mimi ni mtaalamu wa bakteria."

Mama Tumpe alimpima kuanzia viatu hadi kola. Viatu vilikuwa vinang'aa. Wakaingia mgahawani.

Lusajo akatoa kompyuta yake begani, akaifungua, na nyuzi za rangi zikaanza kutembea kwenye kioo. "Bakteria ni kama mpaka wetu huu, mama. Sukari ndiyo lori. Inaingia, kimeng'enya cha kwanza kinaigongea muhuri, inapelekwa kwa cha pili, cha tatu, mpaka inatokea upande wa pili ikiwa mafuta. Shida ni kwamba katikati kuna ofisi inachelewesha. Halafu kuna vichochoro, sukari inatoroka inakwenda kumnenepesha bakteria mwenyewe."

"Kumbe ni kama hapahapa!"

"Hapahapa kabisa. Sasa kompyuta inatuonyesha kichochoro gani kizibwe na geti gani lipanuliwe, kabla hatujamgusa bakteria hata mmoja."

"Na wakishaogelea kwenye dizeli, hawafi?"

Swali hilo linawakosesha usingizi maprofesa. Lusajo lilimcheleweshea funda moja tu la chai. "Tumewafundisha kutema, mama."

Wakakubaliana: mtambo ukifanya kazi, Mama Tumpe ataununua pamoja na haki ya kuutumia Mbozi nzima. Lusajo akapeleka Ihanda simtanki jeusi lenye matumbo mawili. Tumbo la juu lilijaa maganda ya kahawa yenye sukari, yaliyolowekwa hadi yakanuka. Tumbo la chini, ambalo halikutajwa, lilijaa dizeli kutoka Nakonde, ng'ambo ya mpaka. Kila asubuhi ya siku ya kazi alikuja na kidumu cha dizeli kilichofunikwa kitambaa, alichokiita "chakula cha bakteria", akafukuza kila mtu, maana bakteria wake wakipumuliwa na mtu aliyekula kitunguu wanagoma.

Siku ya majaribio koki ilifunguliwa na dizeli safi ikatiririka. Mama Tumpe alipiga kigelegele, akatia kwenye lori, lori likanguruma.

"Yesu wangu! Wanajituma kuliko wapwa zangu!"

Lusajo akasafisha koo. "Basi mama, lile suala letu..."

"Lipo, mwanangu, halijaenda popote. Ila lori moja si ushahidi. Tuone na hili jingine."

Lile jingine lilikuwa na tangi kubwa zaidi. Baadaye akaja Loisi, dada yake Mama Tumpe kutoka Nakonde, naye akataka kuona kwa macho yake, na gari lake likaona pia. Baadaye kwaya ya kanisani kwake ilikuwa na safari ya Vwawa, na bakteria wakaipeleka kwaya.

"Kompyuta inasemaje leo?" Mama Tumpe aliuliza kila mara.

Lusajo, ambaye hakuwahi kujifunza kusema haiwezekani, alipanua geti jingine kwenye kioo, kisha akaenda kuuza kitu. Aliuza televisheni, kisha pikipiki yake ya bodaboda. Akamkopa shemeji yake, akimweleza kwamba amezama katika biashara ya mafuta, na katika mambo yote aliyosema msimu ule, hilo ndilo lililokuwa kweli tupu.

Kwa nini hakuacha? Kila alipotaka kuacha, Mama Tumpe alimpakulia wali na kuku, akamwambia fedha zi tayari, bado shahidi mmoja tu. Lusajo aliijua tamaa kwenye uso wa kila mtu Tunduma. Wake hakuuona, kioo cha chumbani alikuwa ameshakiuza.

Jumatatu moja alifika Ihanda na kidumu chake cha mwisho. Uani hapakuwa na lori hata moja. Geti lilifunguliwa na jibaba asilolijua, lenye mabega kama mlango.

"Wewe ndiye mtaalamu? Naitwa Zabron, nina mashine za kusaga kule Itaka. Mama Tumpe ameniuzia chombo hiki na haki ya Mbozi nzima. Nimeuza ng'ombe, ndugu yangu. Akasema wewe unaambatana nacho."

Lusajo alisogea pembeni, akampigia simu Mama Tumpe. Upande wa pili injini iliunguruma.

"Mama! Umeuza simtanki langu! Ile si mali yako!"

"Basi mweleze Zabron, baba. Mweleze ni ya nani, na ndani mna nini."

Lusajo akamtazama Zabron. Akampa mgongo.

"Ulijua tangu lini?" akanong'ona.

"Tangu Jumapili ya kwanza. Wewe hukuja, na koki ikakauka kutwa nzima. Nikasema, ni bakteria gani hawa wanaokwenda ibada?" Mama Tumpe alicheka mpaka akakohoa. "Wasalimie sana. Wamenifikisha Mpika huku Zambia, na tangi bado lina mafuta."

Simu ikakatika. Zabron alikuwa ameshafunga geti na kutia ufunguo mfukoni. Akavuta stuli mbili karibu na mtambo, akakinga kikombe chini ya koki, akajiweka sawa kama mtu asiye na pa kwenda.

"Mtaalamu, fungua hiyo kompyuta. Nataka kuona sukari yangu imefika wapi."

Lusajo akafungua. Nyuzi za rangi zikaanza kutembea, sukari ikaingia huku, mafuta yakatokea kule. Zabron alitikisa kichwa kwa kuridhika. Lusajo naye aliinamia kioo bila kupepesa, akiomba kimoyomoyo, kwa mara ya kwanza tangu aanze kuionyesha picha ile, kwamba iwe kweli.