Kituo cha Umeme chenye Magurudumu Mawili

Serikali ilitangaza kwa furaha kubwa, kupitia redio ya taifa, kwamba kituo kipya cha kuzalisha umeme kimeanza kazi katika mtaa wa Kubbe, mjini Trablus, kaskazini mwa Beirut. Kwamba kituo hicho kimejengwa bila mkopo, bila mkandarasi na bila hata mfuko mmoja wa saruji. Na kwamba wananchi wanaombwa kufurahi kwa utulivu.

Wananchi wengi hawakuisikia taarifa hiyo, kwa kuwa umeme ulikuwa umekatika.

Kituo chenyewe kilikuwa pikipiki nyekundu ya Khodor Shaarani, mpelekaji wa kuku wa kuchoma. Aliyekigundua ni Ustadh Anis Qabbout, Mkuu wa Kitengo cha Udhibiti wa Umeme Usiotambulika, mtu nadhifu aliyevaa tai hata mwezi wa Agosti, na aliyeamini kwa moyo wake wote kwamba giza lenye utaratibu ni bora kuliko mwanga wa kiholela.

Alasiri moja alikuwa akirudi nyumbani kwa miguu alipoiona foleni. Kina mama wa mtaa walikuwa wamejipanga mbele ya pikipiki, kila mmoja na simu na waya wake. Foleni ilikuwa imenyooka. Hakuna aliyesukumwa, hakuna aliyetukanwa mama yake. Ustadh Anis akasimama ghafla. Foleni nzuri namna ile, na hakuna ofisa aliyeipanga!

Akapita hadi mbele. Kwenye usukani, kando ya kioo, palikuwa na kiboksi cheusi chenye matundu mawili ya USB na kifuniko cha mpira cha kuzuia mvua. Waya wake ulifuata fremu, ukapita chini ya tangi, ukaingia chini ya kiti.

"Hiki ni nini?"

"Chaji, ustadh," alisema Khodor, aliyekuwa amekaa ukingoni mwa barabara akitafuna kaki, mkate wa ufuta wenye majani makavu ya zaatari.

"Umeme wake unatoka wapi?"

"Kwenye betri. Kuna fyuzi hapa katikati, nisije nikaungua makalio. Nikizima ufunguo, na yenyewe inazima."

"Na betri inaupata wapi?"

"Kwa injini. Unataka na injini inaupata wapi? Kwa petroli. Na petroli naipata kwa kuku. Ukiendelea kuuliza tutafika kwenye yai."

Kina mama wakacheka. Ustadh Anis hakucheka. Alikuwa akihesabu makosa.

"Kwa hiyo unazalisha umeme, unausafirisha, na unausambaza."

"Wallahi, mimi nilitaka simu yangu isizime tu. Oda zinakuja kwa simu, ramani iko kwenye simu, jina la mteja liko kwenye simu. Siku ile ilizima niko katikati ya mtaa, nikapiga kelele, 'Nani kaagiza kuku?' Mtaa mzima ukaitika, 'Mimi!'"

"Hata wizara haifanyi yote matatu kwa siku moja," alisema Ustadh Anis. "Ninakifunga kituo hiki."

Hapo akajitokeza Ummu Ghassan, mwenye umri wa kumzaa Ustadh, na simu yenye umri wa kuizaa simu ya Ustadh. "Unafunga nini, wewe mwenye tai? Wanangu wote wako Sydney. Kule kukipambazuka, mimi nataka kuona nyuso zao. Au wewe utakuja kunikalia sebuleni badala yao?"

"Mama, sheria haina sebule."

"Ndiyo maana haina adabu."

Lakini sheria ilikuwa na ugumu wake. Kituo ambacho hakipo hakiwezi kufungwa. Lazima kwanza serikali ikitambue, ndipo ikifunge. Ustadh Anis, ambaye hakuwahi kuruka hatua hata ya ngazi, akaamuru pikipiki ikokotwe hadi uani kwa Kitengo, kisha akapeleka wizarani, Beirut, taarifa yenye maneno machache: kituo kimoja, kinafanya kazi.

Maneno "kinafanya kazi" hayakuwa yameonekana Beirut kwa muda mrefu. Taarifa ilizungushwa ofisi hadi ofisi, watu wakiisoma kwa zamu. Na ikatokea kwamba juma hilohilo wakopeshaji kutoka nje walikuwa wamemwambia Mheshimiwa Waziri wa Nishati kuwa hawatazungumza naye habari yoyote mpaka waone kwa macho yao kituo kimoja, kimoja tu, kinachotoa umeme.

Ustadh Anis hakuyajua hayo. Simu yake ilikuwa imezima tangu juzi. Ofisi ilipofungwa alishuka uani, akamkuta Khodor ameegemea pikipiki yake, maana alikuwa amekataa kuiacha peke yake na serikali. Ustadh akatazama kushoto, akatazama kulia, akatoa waya mfukoni.

"Nakagua ushahidi," alisema.

"Kagua, ustadh. Ila geuza waya, unaingiza kinyume."

Simu ikawaka. Haikupita hata dakika, ikalia.

"Anis!" Ilikuwa sauti ya Waziri mwenyewe. Ustadh Anis akasimama wima. "Wewe ndiye uliyetujengea kituo?"

"Mheshimiwa, mimi nimekikamata tu..."

"Umekikamata vizuri. Usikiachie! Kina ukubwa gani?"

"Kina magurudumu mawili, Mheshimiwa."

Ustadh Anis alisikia upande wa pili mtu akivuta sigara taratibu.

"Na kinafanya kazi?"

"Ndicho kinachonipa hata sauti ya kuzungumza nawe."

"Basi magurudumu tusiyataje. Ninakuja na wageni Alhamisi. Likiharibika jambo, utakwenda kulinda ghala la mita mbovu huko Akkar mpaka ndevu zako zigeuke nyaya."

Tangu hapo pikipiki ikawa mali ya umma. Ilizungushiwa uzio. Likawekwa bango la fuvu la kichwa lenye maneno HATARI, KITUO CHA KUBBE. Wakaletwa wanajeshi wawili wa kuilinda. Ustadh Anis akatunga kanuni usiku na mchana: ya kwanza, kituo kisiwake pasipo ofisa msimamizi kuwepo juu yake au kandokando; ya pili, kwa kufuata desturi ya taifa, umeme utolewe saa nne hadi saa sita, na muda uliobaki ukatwe.

"Ukatwe kwa nini?" aliuliza Khodor. "Haujaisha!"

"Ukitoka muda wote, wananchi watauzoea."

Mambo yakawa yalivyokuwa lazima yawe. Kina mama walifika saa nane, wakaambiwa ni mgawo. Walirudi kesho yake saa nne na nusu, wakaambiwa msimamizi yuko kwenye kikao cha kupanga foleni. Kwa mara ya kwanza wakasukumana, na mama wa mtu akatukanwa.

"Ilipokuwa ya Khodor ilifanya kazi," Ummu Ghassan alisema akiushika uzio kwa mikono miwili. "Imekuwa ya serikali haijatimiza hata juma, imeanza kukatika!"

"Ni dalili ya ukuaji, mama," alimjibu Ustadh Anis kwa upole.

Aliyeumia zaidi ni Khodor. Pikipiki iko ndani ya uzio, kuku wanapoa dukani. Abu Zuhayr, mwenye duka, alikuwa ameshamwambia kwamba asipofika kazini hadi Alhamisi jioni, zamu yake atapewa shemeji wa mwenye duka, kijana mvivu lakini mwenye baiskeli.

"Ustadh, nitakula nini?"

"Wewe sasa ni Mkuu wa Kituo."

"Mkuu wa kituo anakula nini?"

Ustadh Anis akafikiri kwa dhati. "Heshima."

"Basi nipe na sosi ya vitunguu saumu ya kuchovyea, maana heshima kavu inakwama kooni."

Alhamisi ikafika. Waziri alishuka kwenye gari jeusi, na nyuma yake akashuka Bi Solveig, kiongozi wa wakopeshaji, mwanamke mrefu asiyecheka, aliyezungumza Kiarabu cha vitabuni kana kwamba anasoma hukumu. Aliitazama pikipiki kwa muda.

"Kituo ni hiki?"

"Ndiyo kwanza tunaanza," alisema Waziri. "Ni kituo cha kisasa. Vile vya zamani vinakaa mahali pamoja, mabibi na mabwana, ndiyo maana havifiki kwa wananchi."

Mbele ya kamera, akatoa simu yake kwa madaha, akaichomeka kwenye tundu la kwanza. Tundu la pili lilikuwa na simu ya Khodor. Watu wakapiga makofi. Kisha Waziri akaingia kwenye lifti apande hadi kwenye roshani ya ghorofa ya nne ya jengo la Kitengo, akahutubie taifa kutoka juu. Lifti ilikuwa haijafanya kazi kwa miaka; kwa heshima yake lilikuwa limekodiwa jenereta la mtaani.

Jenereta likakohoa, likanyamaza. Dizeli imekwisha.

Watu uani walingoja roho mkononi, shingo wamezielekeza kwenye roshani. Roshani ilikuwa tupu. Kisha, kutoka kwenye lifti iliyokwama ndani ya ukuta, ikasikika sauti ya mbali: "Ndugu wananchi! Enzi ya giza imekwisha!" Waziri hakuwa mtu wa kupoteza hotuba.

Bi Solveig hakuangalia juu. Alikuwa akiiangalia pikipiki. "Ninaomba kukiona kinazalisha," alisema.

Khodor akabonyeza stata. Stata ikalia *tiki*, basi. Betri ilikuwa imechoka: siku zote zile simu za wakubwa wa Kitengo zilikuwa zikinyonya humo kwa zamu, injini ikiwa imezimwa ili kuokoa petroli ya umma.

Ustadh Anis akaliona ghala la Akkar waziwazi, pamoja na mlango wake. "Fanya kitu," alinong'ona.

"Isukumwe," alisema Khodor. "Hii ni pikipiki, ustadh. Ndivyo inavyokuwa."

Hivyo kituo cha kuzalisha umeme kikasukumwa na jeshi la taifa. Kilitoka nje ya uzio, kikashuka mteremko mdogo wa lango, kikapiga chafya mara mbili, kikanguruma. Taa ya matundu ikawaka buluu. Kina mama wakapiga vigelegele.

"Ikisimama itazima tena," Khodor alipaza sauti juu ya mngurumo. "Lazima itembee ndiyo betri ijae!" Na papo hapo simu yake ikalia mlio ambao hakuwa ameusikia kwa siku nyingi. Akasoma. Uso wake ukafunguka kama duka asubuhi. "Oda! Kuku mzima, ghorofa ya tano, karibu na mnara wa saa. Ustadh, mimi naondoka. Unishtaki baadaye."

"Huwezi! Kanuni ya kwanza inasema kituo hakiwaki bila msimamizi kuwepo juu yake..." Ustadh Anis akasikia maneno yake mwenyewe yakimshika kola. Akatazama uani: bendera, uzio, sauti ukutani ikiahidi umeme wa saa ishirini na nne. Akainua mguu, akapanda nyuma ya Khodor, tai begani.

Wakaondoka. Wanajeshi, ambao amri yao ilikuwa kutokiacha kituo peke yake, wakarukia gari lao na kufuata. Bi Solveig, akidhani hiyo ndiyo ziara, akafuata kwa gari jeusi la Waziri, na waandishi wa habari wakafuata vyovyote walivyoweza. Mbele ya duka la Abu Zuhayr msafara wote ukasimama kwa ajili ya kuku mmoja. Abu Zuhayr alitoka na mfuko, akaona jeshi, akaona kamera, akarudi ndani akaongeza achari.

Walikuwa wakikata kona ya soko la dhahabu, Ustadh Anis ameukumbatia mfuko wa moto kifuani, simu ya Waziri ilipolia kwenye usukani.

"Pokea wewe, mimi naendesha," alisema Khodor.

Ustadh Anis akanyoosha mkono juu ya bega la Khodor. "Halo? Kituo cha Kubbe."

"Waziri Mkuu anaongea. Waziri wako yuko wapi?"

Miaka yote ya utumishi ikamjia ulimini. "Mheshimiwa Waziri yuko katika ziara ya ukaguzi, kati ya ghorofa ya pili na ya tatu."

"Anakagua nini huko?"

"Kukatika kwa umeme, Mheshimiwa. Kwa undani."

"Atamaliza lini?"

"Hilo analijua mwenye dizeli."

Waziri Mkuu akashusha pumzi. "Naona hapa kwenye televisheni gari lake linaifuata pikipiki, na wakopeshaji wamo ndani. Wewe uliye kwenye hiyo pikipiki ni nani?"

"Msimamizi, Mheshimiwa."

"Kuna umeme hapo?"

Ustadh Anis akaitazama taa ya buluu. Hakukumbuka lini mara ya mwisho swali hilo alilijibu bila kuongeza neno. "Upo," alisema.

"Basi endeleeni. Waziri akitoka, mwambieni asiharakishe kurudi ofisini."

Lango la jumba la mteja lilikuwa na giza, na lifti imekufa. Khodor hakuweza kuiacha pikipiki ikiunguruma peke yake, kwa hiyo Mkuu wa Kitengo cha Udhibiti wa Umeme Usiotambulika akapanda ngazi na mfuko, hadi ghorofa ya tano, akihema kama mashine ya kushonea. Akagonga. Mlango ukafunguliwa na mwanamke aliyebeba mtoto kiunoni.

"Kuku," alisema Ustadh Anis.

Mwanamke akafungua mfuko, harufu ikajaa ukumbini. Akagusa kwa kidole. "Ana moto bado! Mungu akupe afya, ami."

Ustadh Anis akabaki amesimama. Kwa muda wote aliokula mshahara wa serikali, hakuwahi kumfikishia mwananchi kitu alichokiomba, na hakujua mtu hufanya nini baada ya hapo. Mtoto akamkamata tai, akaivuta. Yeye akamwachia avute.

"Ustadh!" Khodor aliita kutoka chini, sauti ikipanda ngazi pamoja na honi za msafara mzima. "Shuka, kuna oda nyingine!"

Ustadh Anis akaivua tai, akamwachia mtoto, akashuka akiruka ngazi mbilimbili.