Mtu wa Kunisemea kwa Watu wa Damu

Jumatatu, 4 Machi

Leo nimeingia kwenye sayansi! Pale hospitali kuu wanatafuta Alzeima, ule ugonjwa wa kusahau, ndani ya damu, miaka mingi kabla mtu hajaanza kupotea njia ya kwake. Wanataka watu wa makamo, wazima. Nani mzima kunishinda?

Nesi akanifunga mpira mkononi. Nikamwambia aende taratibu, damu hii ni ya mtu aliyewahi kumbeba chui begani. Akauliza kama chui alikuwa hai. Nikasema alikuwa mgonjwa kidogo. Hakucheka, ila alinisikiliza kuanzia kichupa cha kwanza mpaka cha mwisho. Akaniuliza siku zangu zinakwendaje. Tangu mke wangu afariki hakuna aliyewahi kuniuliza hilo. Nikikubaliwa, nitaitwa kila mwezi. Kila mwezi!

Kikwazo kimoja. Alhamisi niende na mtu anayenijua sana, aulizwe faraghani kama nimeanza kusahau. Bila huyo, natolewa. Nikamwambia asihofu, watu wangu hawaenei hospitalini.

Jumanne, 5 Machi

Nimempigia mpwa wangu. Shikamoo Mjomba, nipo kwenye kikao, nitakupigia. Kikao hicho kimedumu tangu mwaka jana.

Nikaenda kwenye ghala nilikokuwa napima mizigo. Mlinzi mgeni akauliza namtafuta nani. Nikawataja. Huyu kahama, yule kazikwa. Akauliza, na wewe mzee ni nani? Nikamwambia aulize mzani.

Amebaki fundi redio wa chumba cha pili. Yule! Miaka yote tunagombania kamba ya kuanikia nguo. Lakini sina ujanja.

Jumatano, 6 Machi

Nimemfuata kibandani kwake. Nikamwambia nampa heshima ya kunisemea mbele ya madaktari. Akapandisha miwani, akauliza kwani madaktari wamekosa nini. Akakubali lakini, tena upesi mno. Nikashuku.

Mchana kutwa nikamfundisha maisha yangu. Akanikatiza: jirani, asubuhi moto uliouzima ulikuwa wa ghala, sasa umekuwa wa benki. Nikamwambia ulisambaa.

Alhamisi, 7 Machi

Aibu! Walimwita ndani peke yake. Nikatega sikio mlangoni. Nesi akaufungua ghafla, nikajifanya nakagua bawaba.

Fundi alitoka ameinamisha kichwa. Kwenye ngazi akaniambia hakuweza kudanganya. Walimuuliza nalala saa ngapi, nakula nini, nani hunitembelea. Akawaambia hajawahi kuingia chumbani kwangu. Eti ananijua kupitia ukutani tu: hunisikia nikibishana na msomaji wa habari redioni, kisha nikimuaga na kumtakia usiku mwema. Msaliti!

Nesi akasema kwa upole kwamba huyo hatoshi, nilete mwingine Jumanne. Kisha akaniuliza tena habari za chui. Nikamwambia walikuwa wawili. Akaandika kwa muda mrefu sana. Nimemvutia.

Ijumaa, 8 Machi

Jioni, hodi. Fundi, kigoda mkononi. Akasema amefikiri: aje tusikilize habari pamoja kila jioni. Mpaka Jumanne atakuwa ananijua, na atasema bila kudanganya. Na hata baada ya Jumanne, akasema, yeye naye hana pa kwenda.

Nikamshtukia papo hapo. Anataka jina lake liingie kwenye utafiti wangu! Nikamwambia nina wageni.

Akachungulia chumba. Kitanda, kiti kimoja. Haya jirani, akasema, wasalimie. Akaondoka na kigoda chake.

Habari zilikuwa ndefu leo. Nilimjibu msomaji kwa sauti ya chini, watu wasisikie.

Jumatatu, 11 Machi

Nimepata! Jumamosi na Jumapili nilikuwa nazunguka bure, nikisalimia watu vituoni. Jibu nilikuwa nalo. Nani anayeniona kila siku? Nani anajua nakula nini? Mimi!

Kesho nitampeleka mdogo wangu. Yaani mimi, kwa kofia, miwani ya jua na sauti nyembamba. Mwenyewe nitakuwa nimechelewa kwenye foleni ya dawa. Nesi hatagundua. Niliwahi kuvuka mpaka nikiwa bibi harusi na hakuna askari aliyeshtuka.

Jioni nimefanya mazoezi kwenye kioo. Nikauliza, kaka yako husahausahau? Akajibu, hata kidogo, kichwa chake kama sanduku la chuma. Safi! Nikauliza, na huwa anakula na nani?

Akanikodolea macho tu, mpumbavu. Hilo itabidi nimfundishe.