Simoni wa Kirene wa Bigwa

Jumatano ya Majivu, 5 Machi
Nimepakwa majivu. Mimi ni mavumbi, sibishi. Lakini kuna habari kubwa! Katekista Severin katangaza Ijumaa Kuu tutaigiza Njia ya Msalaba, kutoka kanisani mpaka juu mlimani. Eufrazia wa kwaya ndiye Veronika. Maana yake atampangusa Yesu uso. Kwa mikono yake! Mbele ya parokia nzima! Lazima niwe Yesu. Kunyoa nimeacha. Na Kwaresima hii nafunga kwelikweli, nikonde vizuri.

Jumapili, 16 Machi
Balaa. Yesu ni Thobias, yule fundi simu wa Msamvu. Eti ana ndevu! Zangu mama kaziona, kaniuliza kama leo sikunawa. Nimepewa Simoni wa Kirene, yule msaidizi wa kubeba msalaba. Katekista kasema ni heshima kubwa, na niache kununa kanisani.
Mahubiri yote nikawaza. Msalaba ukiwa mzito, Thobias atajitoa mwenyewe. Nikajitolea kuutengeneza! Katekista kanisifu kwa moyo wa utumishi.

Jumanne, 25 Machi
Kwa Kibwana, seremala. Nimemwomba mkaratusi mbichi, mnene. Kauliza, bwana mdogo, huo ni wa kusulubu mtu au trekta? Halafu kasema yuko kwenye mfungo wa Ramadhani, hana nguvu za kubishana na mwehu. Tumeunga. Kuunyanyua tumeshindwa wote wawili. Safi sana!

Jumamosi, 12 Aprili
Mazoezi. Thobias kaubeba kidogo, kakaa chini. Nikampa pole nyingi, nikamwambia asijilazimishe, kaka, watu wa kumpokea wapo. Katekista akaamua: Yesu habadilishwi, ila kuanzia kituo cha tano Simoni ataubeba peke yake. Mpaka juu. Mlima wote! Nikapendekeza tuchonge mwingine, wa mbao nyepesi. Eufrazia akasema jamani, wa Bwana ulikuwa mwepesi? Nikasema hata mimi nilikuwa nafikiria hivyohivyo.

Ijumaa Kuu, 18 Aprili
Kituo cha tano nikaupokea msalaba. Cha sita Eufrazia akaja na kitambaa cheupe. Nimelowa jasho kuliko Yesu! Nikasogeza uso. Akanipita. Akampangusa Thobias, taratibu, mpaka masikio.
Karibu na kilele nikaanguka. Mimi, siyo Yesu! Bibi mmoja wa kule juu, kashuka kutupokea, akashika ncha ya msalaba. Akasema twende mwanangu, tusimwache Bwana njiani. Tukapanda. Hapo, kusema ukweli, sikumkumbuka Thobias wala Veronika. Nilisali. Nikalia kidogo.

Jumatatu ya Pasaka, 21 Aprili
Aleluya! Eufrazia kaja nyumbani na chapati! Kampa mama shikamoo, akakaa karibu yangu. Kasema aliponiona naanguka halafu nainuka, akapata jibu la sala yake ya muda mrefu. Moyo wangu ukaruka. Akasema sasa hana wasiwasi tena, anaingia utawani.
Mama akapiga vigelegele. Mimi nikapaliwa na chapati.
Jioni katekista kanishauri niyatafakari kwa utulivu yote niliyoyapata mlimani. Nimetafakari. Masista anaokwenda kwao Eufrazia wana lori la kubebea mahindi kutoka Gairo, na dereva wao, nasikia, anastaafu. Kesho asubuhi naanza kujifunza gari.