Wanyama wa Mageti Kumi na Mawili

Jumatatu, 3 Machi

Mwenyekiti wa mtaa amehama. Kiti kiko wazi! Uchaguzi ni Jumamosi ya wiki ijayo, uani kwa Fundi Bomba. Mtaa wetu una nyumba kumi na mbili na njia moja isiyotokea popote, lakini cheo ni cheo. Mwenyekiti ndiye anayeshika ufunguo wa tangi la maji. Mwenyekiti ndiye anayesimama pembeni na mikono nyuma watu wa umeme wakija kupima nguzo.

Sifa ninazo. Miaka thelathini na moja nimechora ramani za viwanja. Nimestaafu na akili zangu zote. Kofia ninayo.

Tatizo ni Daktari wa Meno, wa nyumba ya kumi. Naye anakitaka. Mtu mpole, nguo zimenyooka, anasalimia hadi paka. Isitoshe, nusu ya mtaa wamekwisha kukaa mbele yake wakiwa wameachama. Mtu uliyemwonyesha magego yako utamnyimaje kura?

Nahitaji mkakati. Mke wangu anafundisha hesabu na mikakati yangu anaijua. Amesema nianze kwa kuzibua mfereji ulio mbele ya geti letu. Hana jicho la siasa.

Jumanne, 4 Machi

Nimepata! Kwa muuza vitabu vya mitumba, vitabu viwili, kimoja juu ya kingine kama vilivyopangwa kwa ajili yangu. Cha kwanza ni cha ngao za wafalme wa zamani na wanyama waliochorwa juu yake: joka lenye mabawa, farasi wa pembe moja, simba mwenye kichwa cha tai. Cha pili ni cha wanyama walioishi duniani kabla ya binadamu. Nikasimama palepale nikaviona vimeungana. Kila nyumba ngao yake! Kila ngao mnyama wake! Getini, kwa rangi, bure, kwa mkono wa mwenyekiti mtarajiwa.

Ngao zina sheria zake, na mimi ni mtu wa sheria. Rangi haikai juu ya rangi. Inakaa juu ya dhahabu au fedha, yaani njano au nyeupe. Ulimi lazima utoke nje. Na mkao una maana. Mnyama aliyesimama kwa miguu ya nyuma, makucha mbele, ni shujaa. Aliyelala ni wa amani tu. Mwenye mkia katikati ya miguu ni mwoga.

Huo wa mwisho nimeupigia mstari.

Nimejaribu dinosaria mezani. Miguu imenyooka kama mpaka wa kiwanja. Mkono umezoea kazi yake. Mke wangu amepita na daftari za wanafunzi, akauliza pasi hiyo inafanya nini kwenye ngao.

Alhamisi, 6 Machi

Mageti matano kwa siku mbili! Kiuno kinauma kwa heshima.

Nimegawa mikao kwa busara. Wanaonipigia kura wamesimama. Wenye mashaka wamelala. Mwenye Bucha, ambaye hunipa mfupa wa supu bila kuombwa, amepata chui wa kale mwenye meno marefu kama visu, amesimama wima, mwekundu juu ya njano. Fundi Bomba, niliyemwona akicheka na Daktari mara mbili, amepata dinosaria aliyelala.

Kwa Daktari nimemchora jogoo mwenye mkia wa nyoka, ameketi, na mkia umepita katikati ya miguu. Nilichora huku nikipiga mluzi.

Daktari akatoka na kikombe cha chai, akanipa mimi. Akasema hajawahi kupewa kitu kizuri hivyo na jirani. Akaomba ruhusa ya kupiga picha aweke kliniki, watoto wapate cha kutazama wakisubiri. Ruhusa nimetoa. Chai ilikuwa nzuri, kwa bahati mbaya.

Ijumaa, 7 Machi

Leo nyumba ya kona, kwa Mama Mkunga. Amestaafu kabla yangu, na watoto wa mtaa huu aliowapokea kwa mikono yake ni wengi kuliko wapiga kura. Neno lake moja ni uchaguzi mzima. Kwa hiyo nimempa mnyama mkubwa kuliko wote: tembo wa kale, yule wa nchi za barafu, manyoya hadi magotini, pembe zimejikunja kama mishumaa iliyoyeyuka. Nimempaka fedha juu ya buluu. Kazi bora ya maisha yangu!

Alitoka akamtazama muda mrefu. Akatazama mwili wake mwenyewe, ambao si mdogo. Akagusa kidevu, ambacho, tuseme ukweli, kina vinywele viwili vitatu. Akaingia ndani akafunga mlango taratibu.

Nadhani alizidiwa na furaha.

Jioni Mwenye Bucha akaniita. Alitaka kujua yule chui wake alikula nini. Nikamweleza vizuri, kwa mujibu wa kitabu, kwamba alikula wanyama wakubwa, wanyama wakubwa wakaisha, naye akafa njaa hadi wa mwisho. Akaligeukia geti lake. Kisha akasema amewekewa getini, palipo na wateja, mnyama aliyekufa kwa kukosa nyama. Nikamwambia huo ni mtazamo mmoja tu.

Jumapili, 9 Machi

Balaa. Nilisahau kitabu juu ya ngazi, na ngazi niliiacha kwa Fundi Bomba. Fundi Bomba anasoma! Miaka yote hiyo sikujua. Amesoma sura ya mikao yote, pamoja na mstari niliopiga mimi mwenyewe kwa kalamu nyekundu.

Kufikia saa nne mtaa mzima ulikuwa nje, watu wanatembea geti hadi geti wakisoma wanyama wao kama matokeo ya mtihani. Waliolala wanataka kusimama. Waliosimama wanauliza kwa nini wa jirani ana makucha manne na wao matatu. Fundi Bomba aliniuliza, kwa sauti ya chini kabisa, kama ni yeye au ni dinosaria aliyekuja kuzibua choo changu siku ya mvua ile kubwa.

Daktari peke yake hakukasirika. Alisema mkia katikati ya miguu ni sawa tu, maana yeye mwenyewe anaogopa sindano. Watu wakacheka. Wakampenda! Hii si haki.

Mke wangu alizunguka nyumba hadi nyumba mchana kutwa. Sijui alikuwa anasema nini huko. Aliporudi alivua viatu, akatazama geti letu na joka letu lenye vichwa viwili, akauliza kichwa chake ni kipi kati ya hivyo. Nikasema vyote ni vyangu. Niligundua kosa nikiwa bado nasema.

Jumatatu, 10 Machi

Siku ya kusimamisha waliolala. Rahisi kusema. Mnyama aliyelala miguu yake imekunjwa. Ukimpa mingine ya kusimamia, ile ya kwanza haiondoki, maana rangi ya mafuta ina ukaidi. Dinosaria wa Fundi Bomba sasa ana miguu sita. Nilikuwa tayari kukimbia. Akamtazama, akahesabu, akasema mtu wa mabomba anahitaji mikono ya ziada, niache hivyohivyo. Tumepatana!

Chui wa bucha nimempa paja la nyama mdomoni. Mwenye Bucha amefurahi. Daktari, akipita, alisema kwa upole kwamba kwa meno yale asingeweza kulitafuna. Hakuna aliyemuuliza.

Lakini nilimwamkia Mama Mkunga shikamoo, akaitikia marahaba huku anatazama mfereji. Mama huyu hajawahi kuniitikia bila kuuliza nimeamkaje. 

Jumatano, 12 Machi

Mke wangu amenipeleka kona. Nasema amenipeleka kwa sababu alinishika kiwiko. Njiani alisema nisizungumze kura, nisizungumze sheria za ngao, niseme tu kwa nini nilimchora yule tembo.

Mama Mkunga alikuwa anachambua mchele. Alitukaribisha, maana ana adabu kuliko hasira. Nikakaa kwenye kigoda kilicho chini mno, magoti yakafika kifuani, na nikiwa katika mkao huo usiomo kitabuni nikaeleza. Kwamba kitabu kinasema kundi la tembo linaongozwa na jike mzee. Kwamba yeye ndiye anayekumbuka maji yalipo ukame ukija. Kwamba tembo mwingine akizaa, yeye ndiye anayesimama karibu. Kwamba nilipofika ukurasa ule sikufikiria mtu mwingine.

Ni kweli tupu. Kura niliifikiria baadaye.

Mikono ikasimama kwenye ungo.

"Sasa mwanangu, hayo yote si ungeniambia siku ile?" akasema. "Mimi nimekaa siku tano najiangalia kwenye kioo."

Nikasema samahani, Mama. 

"Na kama ni huyo unayemsema, mbona yuko peke yake? Watoto wako wapi? Mchoree watoto wake."

Nikaanza kueleza kwamba ngao haina nafasi na sheria hairuhusu. Mke wangu alinikanyaga mguu. Nikasema nitaanza asubuhi.

Ijumaa, 14 Machi

Kwa upande wa fani, hii ni aibu. Ndama wa kwanza aliingia ndani ya ngao kwa shida. Wa pili alibaki nusu nje. Wa tatu ilibidi atembee kwenye geti lenyewe, bila ngao, bila mpaka, kwangu mimi mtu wa mipaka! Mama Mkunga aliketi kwenye kiti akinitajia: huyu alitanguliza miguu, huyu alizaliwa mvua inanyesha ndani, huyu hakulia hadi alipomwagiwa maji. Kila aliyetajwa nikamchora. Geti likaisha. Tukaingia ukutani. Ukuta wake ukaisha, tukaingia wa jirani, na jirani akatoka kusema yule wa mvua ni yeye, nimwongezee masikio.

Kufikia alasiri ndama walikuwa wamefika nyumba ya nane, kila mmoja ameshika mkia wa mwenzake kwa mkonga. Hawajasimama kishujaa. Ndimi hazijatoka. Wanatembea tu. Watu wazima walikuja wenyewe kuomba nafasi kwenye mstari, wakasimama karibu na ndama wao wakipigana picha. Mwenye Bucha alifuta machozi na kusema ni vumbi.

Daktari alikuja mwisho kabisa. Akauliza kama naye anaweza kupata mmoja, maana Mama Mkunga alimpokea yeye pia, akiwa na jino moja tayari mdomoni. Nilitaka kukataa. Mama Mkunga aliniangalia. Nimemchora, na jino lake.

Rangi imeisha. Nimekaa kizingitini na mke wangu, tumekula karanga. Mtaa umependeza, ingawa kimakosa.

Jumamosi, 15 Machi

Uchaguzi.

Nilivaa kofia. Hotuba yangu ilikuwa na sehemu nne, na nilikuwa katikati ya sehemu ya kwanza Mama Mkunga aliponyoosha mkono na kumpendekeza mke wangu. Akasema mtu aliyezunguka nyumba kumi na mbili kwa siku moja, akawarudisha watu kusalimiana, kazi hiyo ameshaanza, apewe ufunguo tu. Daktari akainuka palepale akajitoa na kumuunga mkono. Mtu huyu hata kushindwa anashindwa vizuri!

Mikono ikapigwa hesabu. Mimi nilipata kura moja, yangu. Mke wangu alipata zote zilizobaki. Tena walipoita jina lake mkono wangu uliinuka wenyewe, ukahesabiwa, na Fundi Bomba akatangaza kwamba nimepiga kura mbili, moja ifutwe. Nikachagua. Matokeo ya mwisho: mimi sifuri.

Tulirudi nyumbani polepole, ufunguo wa tangi uko mfukoni mwangu kwa sababu gauni lake halina mfuko. Umefika ulipokusudiwa, kwa njia nyingine. Nilimuuliza alijua lini. Akasema hakujua, ila mtu akishasahihisha makosa yangu kwa miaka ishirini na sita, mtaa si kazi. Nikamkubalia. Nilikuwa na furaha ya ajabu, na bado ninayo.

Jumatatu, 17 Machi

Mwenyekiti ameanza kazi. Agizo la kwanza: nyumba ziwe na namba, maana mleta mizigo hupotea hata kwenye njia moja. Nimepewa kazi hiyo mimi, kwa maandishi. Namba tu. Nyeusi juu ya nyeupe. Bila mnyama getini.

Nitatii neno kwa neno. Lakini hakuna palipoandikwa namba iwe na umbo gani! Moja ni pembe ya yule farasi. Mbili ni joka lililopiga goti. Saba ni dinosaria anayechungulia kisimani. Nane ni nyoka aliyejizungusha mara mbili akang'ata mkia wake. Hiyo imenitoa jasho.

Mwenyekiti yuko shuleni hadi saa tisa. Nimefika nyumba ya kumi. Kwake moja si pembe, ni mnyoo, na pembeni yake yai. Daktari hana la kulalamika. Ndiyo namba yake.

Ametoka na chai.