Mume Wangu na Namba Zinazofurika

Jumanne, 4 Machi
…na tena hata usingizini ananong'ona namba! Ila kwa sauti tamu, jamani. Tumeoana juzijuzi tu na fungate hatujaionja. Bosi kasema likizo hatupati mpaka mfumo wa kompyuta wa ghala la dawa upite ukaguzi. Mume wangu ndiye anayetunza hifadhidata yake. Mimi ni karani wa maagizo. Fungate tutaila kwa mama yangu, naye anatungoja kwa hamu. Nikamuuliza laazizi tatizo ni nini hasa. Akanieleza, macho yanang'aa (yale macho!), kwamba kila namba imepewa chumba chake. Ukiijaza kupita kiasi inafurika, inageuka kuwa chini ya sifuri, na mwizi anapenya hapohapo. Dawa ni kupima nafasi kabla ya kumimina. Sikushika yote. Nilikuwa natazama midomo.

Jumatano, 5 Machi
Mkaguzi, Bi Miwani, kashinda ubavuni mwa mume wangu kutwa. Ati wanatafuta matundu ya mfumo, pa mwizi kupenya. Matundu gani hutafutwa kwa vicheko? Nikamshtakia wifi. Akaniambia, wifi yangu, wivu hauzibi tundu, nenda kapike. Sipiki! Tundu nitaliona mimi kwanza, nimnong'oneze mume wangu, apite, twende kwa mama.

Alhamisi, 6 Machi
Balaa! Nilikuwa najaza agizo la glavu za kutoka ghalani. Kidole nikakilaza juu ya kitufe cha tisa, nikazama kumuwaza laazizi, tisa zikajipanga mstari mzima. Kompyuta ikazidisha maboksi kwa glavu za kila boksi, jumla ikafurika, ikatoka chini ya sifuri. Mfumo ukajiuliza kama jumla imezidi akiba. Chini ya sifuri itazidi nini? Ukaidhinisha! Mtunza ghala akaja mbio na kibali mkononi, akauliza, dada, unawavika glavu siafu? Kumbe mume wangu aliziba upande wa kupokea mizigo, wa kutoa akausahau. Bi Miwani akatufelisha palepale. Laazizi hakunigombeza, alinishika mkono tu. Nikaenda kulilia chooni.

Ijumaa, 7 Machi
Kaziba! Sasa mfumo unapima kwanza kama jumla itaenea, ndipo unazidisha. Bi Miwani akajaribu namba za kutisha, zote zikakataliwa. Kapitisha! Akasema afadhali tundu lionwe na bibi harusi kuliko mwizi. (Si mbaya, yule mama.) Bosi katuruhusu likizo: mwisho wa juma na Jumatatu yake. Hiyo ni fungate au chafya?

Laazizi akanisihi, mke wangu, usilaze kidole juu ya tisa tena. Nikaapa. Bahati mbaya akadokeza kwamba mfumo wa likizo ni wa zamani na bado haujazibwa.

Nimetujazia siku za likizo. Tisa sikuigusa, kiapo ni kiapo. Nimelaza kidole juu ya nane. Imeidhinishwa papo hapo! Namsikia bosi akimwita mume wangu kwa sauti ya juu, bila shaka anampongeza. Mama nimeshampigia simu: atandike kitanda, mwezi huu hauishi kabla hatujafika.