Pongezi za Vitafunio Zilizompata Mkwe Wangu

Kwa Mwalimu Mkuu,
Shule ya Msingi,
Hapo hapo ng'ambo ya barabara.

Ndugu Mwalimu Mkuu,

YAH: PONGEZI ULIZOMPA MKWE WANGU KWA KAZI ISIYO YAKE

Salamu nyingi, na pole kwa kelele za watoto wa watu. Mimi ni bibi yao wale wasichana wawili wa nyumba yenye geti la kijani. Mkubwa yuko darasa la nne, mdogo yuko darasa la kwanza, yule mnayemwita Kasuku, na hamkukosea. Pia ndimi yule fundi cherehani mstaafu niliyeshona sketi za shule yako kwa miaka kumi na minane, na hakuna hata moja iliyofumuka mshono. Sijisifu. Nataka tu ujue unaandikiwa na mtu wa namna gani.

Jumatano iliyopita mjukuu mkubwa alirudi na barua yenye mhuri wako. Ilimpongeza mama yao kwa kuwafungia watoto vitafunio bora kuliko vyote shuleni, vyenye afya na vya bei nafuu, ikataja hasa mikate midogo ya viazi vitamu na karoti iliyopikwa kwa mvuke. Tena ikamwalika aje Jumamosi ya wiki ijayo awafundishe wazazi wengine. Nimeisoma barua hiyo mara nne, mbili kati ya hizo nikiwa na miwani. Kwa heshima na taadhima naipinga, kwa sababu hizi:

1. Mkwe wangu, mke wa mwanangu, ni karani wa ghala. Mwanangu ni dereva wa lori, yuko nyumbani siku mbili kwa wiki, na moja kati ya hizo analala. Kwa hiyo jiko limebaki mikononi mwa karani. Tangu muhula uanze, kila Jumamosi anapika kwa mkupuo vitafunio vya wiki nzima: vikeki vya ndizi mbivu, mipira ya dengu, biskuti za shayiri na karanga, mayai yaliyookwa na mboga. Vikipoa anavipanga kwenye mikebe, anaitia mikebe kwenye friji, basi, ameshanawa mikono hadi Jumamosi nyingine. Sasa nakuuliza wewe msomi: kikeki kilichopikwa Jumamosi kikija kuliwa Alhamisi, si mtoto anatakiwa akiamkie kwanza ndipo akile?

2. Kila mkebe umebandikwa karatasi yenye siku, jina la mtoto na idadi ya vipande. Chumvi imebandikwa. Sukari imebandikwa. Birika limeandikwa birika, kana kwamba kuna mtu humu ndani aliyewahi kulifikiria vingine. Nikikaa jikoni muda mrefu bila kusogea naogopa nami nitabandikwa.

3. Kabla ya utaratibu huu, aliyekuwa akiwapikia wajukuu kila asubuhi ni mimi. Walikuwa wakija jikoni mmoja baada ya mwingine, mguu huu una soksi, ule hauna, wanabanana kwenye kibao karibu na jiko. Mkubwa ananiimbia jedwali la kuzidisha, Kasuku ananisimulia ndoto isiyo na mwisho, mimi nageuza chakula chao kikaangoni huku nawakemea wote wawili kwa furaha. Siku hizi wanafungua friji, wanabeba mkebe, wananiaga wakiwa wameshafika mlangoni, na mimi hata kitambaa cha kichwani sijamaliza kufunga. Nilipouliza kulikoni, mkwe akaniambia kwa upole kabisa kwamba mama nipumzike, nimefanya kazi vya kutosha. Kupumzika! Mwalimu, neno hilo ukiambiwa na adui utamjibu. Ukiambiwa na mtu anayekupenda unabaki umekaa kitini kama mgeni aliyekuja mapema. Hili limeniuma, na sitalitania.

4. Siri ya mtungi aijuaye kata, na kata ni mimi, kwa hiyo sikiliza. Tangu wiki ya pili ya muhula nimekuwa nikibadilisha. Naamka saa kumi na moja alfajiri. Mkwe huamka saa kumi na mbili kasoro robo. Katika dakika hizo arobaini na tano napika vyangu, navitoa vyake mkebeni, natia vyangu, nafunga kifuniko polepole. Wajukuu niliwaapisha. Ile mikate ya viazi vitamu uliyoisifu ni yangu! Mkwe wangu hajawahi kuipika hata siku moja maishani mwake, na barua yako iliposomwa wala hakushtuka. Alipokea sifa kama mtu anayepokea chenji.

Na kuhusu ile afya uliyoiandika kwa herufi kubwa, naomba ieleweke vizuri. Mimi ni mtu wa kukaanga. Nimekaanga tangu usichana wangu na sikuwa na mpango wa kuacha. Lakini mafuta yakipata moto yanapiga kelele, harufu inatembea hadi vyumbani, na chupa ya mafuta karani ameichora mstari. Viazi vikipikwa kwa mvuke havisemi kitu. Afya ile, Mwalimu, haikutoka kwenye elimu. Ilitoka kwenye woga.

5. La tano limenitoka. Likirudi nitaliandika.

6. Je, umewahi kujiuliza vile vya kwenye friji vinakwenda wapi? Kutupa chakula siwezi, nilikatazwa na mama yangu na bado namwogopa ingawa hayupo duniani. Kumpa jirani siwezi, maana yule mama wa mlango wa pili mdomo wake hauna breki, ukimpa biskuti asubuhi, mchana mtaa mzima unajua ilikuwa na karanga ngapi. Kwa hiyo mzigo wote nimeubeba mwenyewe, tena kwa kinywa changu. Kila siku saa nne, nyumba ikiwa tupu, nakaa na kikombe cha chai, nakula ushahidi.

Sisemi ni vibaya. Mwenye haki mpe haki yake: vikeki vya ndizi vikilala vinalainika vizuri, na ile mipira ya dengu ina kitu ndani yake, nadhani ni tangawizi, kinachonilazimisha kula wa tatu ili nihakikishe. Juzi nilijikuta naitazama saa ya ukutani na hata saa tatu na nusu haijafika. Huo ndio uharibifu ninaoulalamikia. Mtu wa umri wangu anafundishwa tabia mpya na mikebe!

7. Sasa nije kwenye barua yako yenyewe. Ilisomwa mezani na mjukuu mkubwa kwa sauti ya kusomea risala. Mwanangu alikuwepo, akapiga makofi. Mkwe akainamisha macho, akashukuru, kisha akaongeza kwamba hata mama naye amechangia, maana ndiye anayewaamsha watoto. Kuwaamsha! Maji yalinipalia hadi nikapigwa mgongo. Hebu jiweke kwenye nafasi yangu. Nikisema ukweli, mimi ni mwizi ninayevizia friji la mke wa mwanangu. Nikinyamaza, jasho langu kapewa mwingine na mhuri juu. Mwizi akiibiwa akashtaki wapi? Nimeona nishtaki kwako.

Haya, la tano limerudi, na ndilo lililonifanya nishike kalamu. Ni hiyo Jumamosi. Mkwe wangu atasimama mbele ya wazazi wote, na wazazi watataka waone mikate ya viazi. Ataipika vipi? Hajui viazi vinapondwa vikiwa vya moto. Hajui karoti inakamuliwa maji kwanza. Itasambaratika kwenye sufuria pale pale mbele ya watu. Na Kasuku atakuwa amekaa mstari wa mbele, na yule mtoto anatunza siri hadi aulizwe, au hadi dakika tano zipite, kimojawapo kikitangulia. Mkwe ataaibika, Mwalimu, na aibu hiyo nitakuwa nimeipika mimi, bila mafuta. Nimegombana naye kimoyomoyo muhula mzima, lakini hilo sijawahi kumtakia. Usingizi umenihama.

Kwa hiyo naomba yafuatayo, kwa unyenyekevu.

Kwanza, ufute zile pongezi, au uzielekeze kwa nyumba nzima yenye geti la kijani, bila maelezo. Pili, utangaze kwamba kitafunio chochote kilicholala zaidi ya usiku mmoja hakiruhusiwi kuvuka geti la shule, na kila kimoja kije na cheti chake cha kuzaliwa, kikaguliwe na mwalimu wa zamu. Tatu, kama vyeti ni usumbufu, basi masomo yaanze saa nne, ili bibi wote tupike mchana kweupe tuache kunyatia majiko ya watu. Nimeitazama ratiba yenu, mtakachopoteza ni hisabati na sayansi tu. Nne, yote yakishindikana, mwite mkwe wangu ofisini kwa kosa la kupokea sifa za mikate, na kama ilivyo kwa kila mkosaji hapo shuleni, aje na mzazi. Mama yake anakaa mbali, kwa hiyo mzazi ni mimi. Nitakuja naye. Nakuonya mapema kwamba nitamtetea, maana ni mtoto mzuri, na sitakaa nimsikilize mtu akimsema vibaya hata kama mtu huyo nimemwita mwenyewe.

Nisalimie walimu wote wa kike na wa kiume, mlinzi wa getini na goti lake, na yule mwalimu wa zamu aliyekagua mikebe, macho yake yana akili. Mwambie pia mwalimu wa darasa la kwanza avumilie. Mwanangu angekusalimu lakini ameshasafiri.

Ni mimi, mwenye haki na masizi mikononi,

Bibi wa Geti la Kijani

Nyongeza: Jana nilimpa mjukuu mkubwa barua hii aitie kwenye begi. Akaifungua akaisoma yote pale pale, maana mmemfundisha vizuri, kisha akanitazama kwa huruma. Kumbe mama yao anajua! Anajua tangu siku ya tatu ya kubadilisha kwangu. Karani wa ghala, viazi sita vipungue kikapuni kila siku, asijue? Tena alikuwa akivijaza, na mimi mtu mzima na akili zangu nilidhani kikapu kimeingia baraka. Kila alfajiri anakuwa macho kitandani, anasubiri asikie kifuniko cha mwisho kikifungwa ndipo aamke, ili nisikimbizwe kwenye kazi yangu.

Na vile vya kwenye friji, Mwalimu, si vya watoto tena hata kidogo. Ni vyangu. Daktari alimwambia presha yangu haitaki chumvi wala vya kukaanga, naye akawaeleza watoto kwamba bibi yenu akipewa hakubali, lakini akiiba anamaliza. Nilicheka nikakaa chini, nikalia kidogo, nikacheka tena, halafu nikaenda nikala mkebe wa jana.

Hata hiyo Jumamosi ameshaipanga. Amemwagiza mwanangu awahi kurudi abebe sufuria ya mvuke, mpishi niwe mimi, yeye asimame pembeni aandike karatasi za kubandika. Kwa hiyo nafuta malalamiko yote saba na maombi yote manne. Ningeichana barua yenyewe ila mwandiko umetoka vizuri, na itakuwa hasara.

Nabakiwa na ombi moja tu, na hili usilitanie. Usimwambie mkwe wangu kwamba nimeshajua vya kwenye friji ni vyangu. Akijua, atanipa mkononi, na mimi kwa ninavyojijua nitakataa, na daktari kasema presha imeanza kushuka.